Somo: Kuwafundisha wauguzi wa wagonjwa mahututi kutunza katheta ya mshipa mkubwa

Somo hili linahusu katheta ya mshipa mkubwa wa damu, yaani mpira mwembamba unaoingizwa kwenye mshipa huo ili kumpa mgonjwa dawa na maji. Mpira wa mkojo una taratibu zake.

Hatua ya kwanza ni kumtazama muuguzi akiwa kazini kabla ya kumfundisha chochote, kwa kuwa wengi hufaulu mtihani wa karatasi ilhali mikono inafanya mengine.

Hatua ya pili ni kueleza sababu. Utafiti wa Michigan, Marekani, uliochapishwa mwaka 2006, ulihimiza mambo matano: kunawa mikono, kujikinga kikamilifu wakati wa kuingiza katheta, kusafisha ngozi kwa klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), kuepuka mshipa wa paja na kuondoa katheta isiyohitajika. Wastani wa maambukizi ya damu ulishuka kutoka 7.7 hadi 1.4 kwa kila siku 1,000 ambazo wagonjwa walikaa na katheta.

Hatua ya tatu, ambayo ndiyo inayostahili muda mwingi, ni mazoezi ya mikono. Mwelekeze muuguzi asugue mdomo wa katheta, pale panapochomekwa bomba la sindano, kwa swabu yenye spiriti kwa sekunde 15, akizungusha pande zote, kisha ausubiri ukauke wenyewe. Kosa la kawaida ni kupangusa mara moja na kuchomeka bomba la sindano mdomo ukiwa bado umelowa. Kupuliza ili ukauke upesi ni kuurudishia vijidudu.

Hatua ya nne ni orodha ya ukaguzi ya kuingiza katheta, pamoja na kumpa muuguzi mamlaka ya kumkatiza kazi papo hapo daktari anayekiuka utaratibu. Mamlaka hayo yatangazwe na wakuu mbele ya madaktari wenyewe, la sivyo orodha itabaki karatasi tu.

Hatua ya tano ni kuuliza kila asubuhi kama mgonjwa bado anaihitaji katheta.

Maswali ya washiriki

Swali: Je, bandeji ibadilishwe kila siku?
Jibu: Hapana. Ile inayoonyesha ngozi hukaa hadi siku 7, ya shashi siku 2. Ikilowa, ikichafuka au ikibanduka, hubadilishwa papo hapo.

Swali: Na katheta yenyewe, tuibadilishe kwa ratiba ili kuzuia maambukizi?
Jibu: La. Kuibadilisha kwa ratiba hakupunguzi maambukizi, na kila uchomaji mpya una hatari zake.

Swali: Hatuna nafasi ya kukaa darasani. Tufanyeje?
Jibu: Fundisheni kando ya kitanda wakati wa kukabidhiana zamu, ustadi mmoja kwa wiki, na anayefundishwa aufanye mwenyewe huku mkufunzi akitia alama kwenye orodha.