Kabla ya mionzi ya kichwa na shingo: zijue tezi zako za mate, uwahi kwa daktari wa meno

Daktari akishasema kwamba uvimbe wa kinywa, koo au shingo utatibiwa kwa mionzi, familia nyingi huanza kuhangaikia nauli na mahali pa kufikia. Wana haki, maana matibabu yenyewe mara nyingi huchukua wiki 6 hadi 7, siku 5 kwa wiki, na aliyetoka Songea au Mtwara hawezi kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani iliyoko Dar es Salaam, asubuhi akarudi kwake jioni. Ila kuna jambo jingine ambalo likishapita muda wake halirudishiki, nalo ni mate. Uvimbe wa sehemu hizi huwa jirani kabisa na tezi za mate, na tezi hizo hazistahimili mionzi. Ndani ya wiki ya kwanza tu mate yanaweza kupungua kwa nusu au zaidi.

Anza kwa kuzifahamu. Nawa mikono, simama penye mwanga mbele ya kioo, vuta shavu kwa kidole, kisha tazama upande wa ndani, mkabala na gego la pili la juu. Utaona kinundu kidogo kama kipele. Kikaushe kwa kitambaa safi, lamba ndimu, halafu ngoja. Tone la maji maangavu litachomoza hapo. Huo ni mdomo wa mfereji wa tezi ya parotidi, tezi ya mate iliyo kubwa kuliko zote, iliyolala mbele na chini ya sikio. Ndiyo ile inayovimba mtoto akipata matubwitubwi. Mfereji wenyewe una urefu wa sentimita 5 hivi, hupita juu ya msuli wa kutafunia kabla ya kutoboa shavu; Niels Stensen wa Denmark aliuona mwaka 1660 alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo. Sasa inua ulimi. Kwenye shina la kile kiuzi kinachoushika kuna vitundu viwili, kulia na kushoto, ambavyo ndivyo milango ya tezi zilizo chini ya taya. Jozi ya tatu imekaa chini ya ulimi, na zaidi ya hizo kuna vitezi vidogo 600 hadi 1,000 vilivyotawanyika midomoni, mashavuni na kwenye kaakaa. Zote kwa pamoja hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku.

Tezi hizi zina zamu zake. Parotidi huamka zaidi unapotafuna, na mate yake ni mepesi kama maji, yenye kimeng'enya cha amilesi kinachoanza kuvunja wanga wa ugali kabla hujaumeza. Tezi za chini ya taya hutoa sehemu kubwa ya mate ya saa za kawaida, karibu theluthi mbili, wakati huli wala huongei. Kwa hiyo parotidi zikiungua, tonge kavu halishuki bila maji. Zikiungua za chini ya taya, taabu huja hata wakati hakuna chakula mdomoni, na unaweza kuamka usiku wa manane ulimi umenata kwenye kaakaa.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa daktari wa mionzi liwe hili: je, parotidi moja angalau inaweza kukwepeshwa? Kipimo ambacho wataalamu hukilenga ni wastani wa dozi usiozidi grei 25 hivi kwa tezi (grei ni kizio cha kupimia dozi ya mionzi), wakati uvimbe wenyewe unaweza kupewa 60 hadi 70. Mashine za kisasa zinazochonga miale kufuata umbo la uvimbe huweza kufanya hivyo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba mwaka mmoja baadaye, wagonjwa 74 kati ya 100 waliopigwa kwa njia ya kawaida walikuwa na ukavu wa kusumbua, lakini waliopigwa kwa njia hiyo mpya walikuwa 38. Mashine za kobalti za mtindo wa zamani haziwezi hayo. Hata hivyo, ukiambiwa foleni ya mashine mpya ni ya miezi, usijiamulie mwenyewe kungoja. Uvimbe haungoji, na ukavu wa mdomo una namna ya kuishi nao.

Meno ndiyo yenye haraka kuliko yote, na kwa maoni yangu hapa ndipo wengi huponzwa na kutoambiwa. Mate huosha mabaki ya chakula, hupooza asidi na hurudishia jino kalisi na fosfati linazopoteza kila siku. Yakikauka, meno yaliyokuwa mazima huweza kuoza kwenye mstari wa ufizi kwa miezi michache. Hilo lingekuwa dogo kama jino lingeng'olewa tu. Tatizo ni kwamba taya lililopigwa mionzi hupungukiwa damu, na kidonda cha kung'oa jino kinaweza kukataa kupona hadi mfupa ukafa. Basi nenda kwa daktari wa meno mara tu unapopewa rufaa, kabla hata ya kutengenezewa ile barakoa ya plastiki ya kukushika kichwa. Apige picha ya taya zote. Jino lisilo na mustakabali ling'olewe angalau wiki 2 kabla ya siku ya kwanza, ili ufizi ufunge. Linalozibika lizibwe, na ugaga usafishwe. Muulize kuhusu jeli au dawa ya meno yenye floridi nyingi. Ukikosa, tumia ya kawaida yenye floridi mara mbili kwa siku, uteme povu bila kusukutua kwa maji baadaye.

Siku hiyo hiyo pima mdomo wako. Ingiza vidole vitatu vilivyopangwa kusimama kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Kama vinaingia sasa, vinapaswa kuendelea kuingia. Vikianza kukwama ujue taya linakaza, na mazoezi ya kulifungua huanzishwa mapema, maumivu yakiwa bado machache.

Dawa unazokunywa ziandikwe zote. Amitriptilini, dawa za mafua na mzio kama klorofeniramini, na baadhi ya dawa za presha hukausha mdomo zenyewe, na pengine moja inaweza kubadilishwa. Sigara, ugoro, tambuu, pombe na miraa viachwe sasa, si siku ya kuanza.

Mwenyeji wako mjini naye aandaliwe. Ukifika kwa shemeji Mbagala ukakuta dagaa wa kukaanga na ugali mkavu, utaona haya kukataa, na uzito utashuka mpaka barakoa ianze kulegea. Mwambie mapema kwamba utahitaji mtori, uji mzito wenye maziwa au karanga, viazi vilivyopondwa na mchuzi mwingi, visivyo na pilipili wala ndimu. Soda ya kunywa kidogo kidogo kutwa nzima haifai, maana sukari kwenye mdomo mkavu humaliza meno. Chupa ya maji iwe mkononi. Kwa kusukutua, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ya soda katika lita moja ya maji yaliyochemshwa vinatosha. Dawa za kusukutua zenye alkoholi huunguza.

Mwisho, siku ya kumaliza omba karatasi yenye dozi uliyopewa na upande wa taya uliopigwa. Itunze pamoja na kitambulisho. Hata ikiwa ni miaka 10 baadaye, jino likikuuma kijijini, mwonyeshe tabibu karatasi hiyo kabla hajashika koleo.