Kuchagua siti ya pikipiki inayomfaa dereva na abiria wake

Siti za kubadilishia zinazouzwa katika maduka ya vipuri mjini Tabora humvutia mnunuzi kwa ulaini: anaibonyeza kwa kidole gumba, kidole kinazama, naye anatoa fedha. Kipimo hicho hakifai. Mtu anapokaa, sehemu kubwa ya uzito wake huelemea mifupa miwili ya makalio, na sponji hafifu hulala chini ya mifupa hiyo kwa muda mfupi, ikamwacha amekalia kasha la plastiki linaloibeba sponji kwa chini. Siti nzuri huonekana ngumu kidogo ukiwa dukani, lakini ndiyo itakayokufikisha Sikonge au Urambo bila kulazimika kusimama njiani kujinyoosha. Kwa hiyo ibonyeze kwa goti, ukiegemeza uzito wako, na ukihisi kasha, iache. Ukiinua goti, sponji irudi juu yote bila kuacha shimo.

Baada ya sponji, tazama umbo. Sehemu ya dereva inatakiwa iwe nyembamba karibu na tanki na ipanuke pale makalio yanapokaa, kwa sababu siti iliyo pana mbele hutanua mapaja na kumzuia dereva mfupi kufikisha miguu chini. Kwenye lami kasoro hiyo huweza kuvumilika. Katika njia za mchanga za pembezoni mwa mji, ambako tairi huteleza ghafla na mguu hauna budi kugusa ardhi, ni hatari. Kila unene unaoongezwa humwinua dereva, hivyo ijaribu ukiwa umevaa viatu vyako vya kila siku. Angalia pia kama siti inainamia mbele: ikiinama, mwili husukumwa kwenye tanki, mikono ikabeba uzito usio wake, na jioni mabega na viganja huuma. Wapo wanaobadilisha shokapu kwa maumivu hayo, ilhali kosa ni la siti.

Abiria ana mahitaji yake, na kwa bahati mbaya siti nyingi hubuniwa kana kwamba hayupo. Yeye hana usukani wa kushika, kwa hiyo sehemu yake iwe tambarare ili breki zinapokamatwa asimporomokee dereva mgongoni. Kuinuka kidogo kuliko sehemu ya dereva kunamsaidia, kwani magoti hayakunjwi sana miguu ikiwa kwenye stepu. Kuinuka kupita kiasi kunapandisha uzito juu na kuifanya pikipiki iyumbe katika mwendo wa polepole. Upana nao uwe wa kadiri, hasa kwa abiria aliyevaa kitenge, ambaye siti pana mno humsukuma kukaa upande, mkao ambao si salama. Kwa mwenye bodaboda hapa pana mvutano: anayeikalia siti kutwa ni dereva, lakini anayelipa ni abiria. Mimi ningeanza na sehemu ya dereva, kwa sababu mtu anayeumwa mgongo haendeshi vizuri, ila nisingekubali siti inayomnyima abiria utulivu.

Siti iliyorefushwa nyuma ili kupakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, usiinunue. Mbali na kwamba sheria inaruhusu abiria mmoja, uzito unaosogea nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma hulipunguzia gurudumu la mbele mshiko wake.

Leza, yaani ngozi bandia inayofunika siti, iwe na mkwaruzo kidogo, isiwe ya kung'aa na kuteleza. Chunguza mishono: ikipita katikati ya sehemu ya kukalia, mvua zitakapoanza Novemba maji yatapenya, na sponji iliyolowa itaendelea kumlowesha kila anayekaa hata siku yenye jua. Mishono ya pembeni ni bora. Rangi nyeusi huficha vumbi, lakini katika jua la Septemba na Oktoba huchoma, na haitoshi kutegemea kivuli cha miembe, ingawa Tabora haina uhaba wa miembe.

Nenda dukani na siti yako ya zamani. Zigeuze zote mbili na ulinganishe ulimi unaoingia chini ya tanki, matundu ya bolti na raba zinazokaa juu ya fremu. Jina la pikipiki lililoandikwa kwenye karatasi si uthibitisho, kwa kuwa matoleo hutofautiana. Siti inayocheza hata kidogo baada ya kufungwa itamchosha abiria na hatimaye itapasua kasha.

Ikiwa kasha la zamani ni zima, mara nyingi ni busara zaidi kumpelekea fundi makochi, naye akaweka tabaka nene la sponji ngumu chini na jembamba la sponji laini juu. Simama naye akikata, uhakikishe hatumii vipande vya godoro kuukuu, na umpeleke abiria unayembeba mara kwa mara ili sehemu yake ichongwe naye akiwa ameikalia. Kabla leza haijashonwa, endesheni pamoja nusu saa kwenye barabara yenye matuta. Makalio yakifa ganzi, sponji ya chini ni hafifu au sehemu ya kukalia ni nyembamba. Abiria akisogea mbele kila unapokamata breki, mwambie fundi apunguze mteremko.