Gavana mzazi katika shule ya msingi England: kuingia, kusoma makabrasha, kuuliza

Barua huja kwenye mkoba wa mtoto au kwa barua pepe: shule ina nafasi ya gavana mzazi, anayetaka ajaze fomu. Wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili huiweka kando. Neno lenyewe linatisha kidogo, kwa kuwa gavana tunayemjua ni wa kaunti mwenye msafara wa magari, au wa benki kuu. Huyu wa shule ni mjumbe wa bodi tu, asiyelipwa.

Yanayoelezwa hapa ni ya England, kwenye shule zilizo chini ya halmashauri. Scotland ina mabaraza ya wazazi na sheria zake. Kama shule ya mwanao ni akademi (shule ya serikali isiyo chini ya halmashauri), omba kwanza waraka wa mgawanyo wa madaraka wa taasisi inayoimiliki, maana huko bodi ya shule inaweza kuwa na mamlaka madogo sana, na ni afadhali ujue kabla ya kugombea.

Aliyezoea bodi ya usimamizi ya Kenya au kamati ya shule ya Tanzania anaweza kutarajia kuchangisha, kusimamia ujenzi wa darasa, kufuatilia uji wa watoto. Hapa kuchangisha ni kazi ya chama cha wazazi, na uendeshaji wa kila siku ni wa mwalimu mkuu. Bodi ina kazi tatu: kuweka dira ya shule, kumtaka mwalimu mkuu atoe maelezo juu ya elimu watoto wanayopata, na kuangalia fedha zinatumikaje. Kazi yako ni kuuliza na kufuatilia jibu. Ukianza kupanga nani afundishe darasa gani, umeingia jikoni kwa mtu.

Bodi haiwi na watu chini ya 7. Lazima wawemo wazazi wasiopungua wawili, mwalimu mkuu, mfanyakazi mmoja aliyechaguliwa na wenzake na mmoja aliyependekezwa na halmashauri. Shule za kanisa huongeza wajumbe wa upande wa kanisa. Waliobaki huteuliwa na bodi yenyewe kwa ujuzi wao. Muda wa kawaida ni miaka 4.

Kugombea

Uwe na miaka 18 au zaidi, na uwe mzazi au mlezi wa mtoto aliyemo shuleni. Shangazi au babu anayemlea mtoto anahesabika. Sheria haiweki sharti la uraia. Hufai ukiwa diwani wa halmashauri hiyo, au ukiwa unalipwa kufanya kazi shuleni hapo kwa zaidi ya saa 500 katika miezi 12. Kufilisika kisheria na baadhi ya vifungo vya jela pia humzuia mtu, fomu itakuuliza.

Kura ni ya siri. Wagombea wakiwa sawa na nafasi zilizopo, hakuna kupiga kura, na asipojitokeza mtu bodi inaweza kuteua. Kwa hiyo mara nyingi kikwazo pekee ni fomu. Katika maelezo yako mafupi, taja unachokijua: umewahi kushika vitabu vya fedha vya chama, unafanya kazi hospitali, unazungumza lugha ambayo watoto kadhaa wa shule wanaizungumza nyumbani. Usiahidi kubadilisha chakula cha mchana wala sare, kwa sababu gavana mmoja peke yake hana mamlaka yoyote. Uamuzi ni wa bodi nzima.

Mwajiri wako anatakiwa na sheria ya ajira ya mwaka 1996 akupe muda wa kuhudhuria, kwa kiasi kinachokubalika, ingawa halazimiki kukulipa. Bodi ikiwa na utaratibu wa posho, inaweza kukurudishia nauli au gharama ya kumwachia mtu mtoto. Mshahara uliokatwa haurudishwi.

Wiki za kwanza

Ukishachaguliwa, shule lazima iombe ukaguzi wako wa DBS, yaani rekodi za jinai, ndani ya siku 21. Tayarisha pasipoti na uthibitisho wa anwani. Utajaza fomu ya maslahi: biashara zako, ndugu anayefanya kazi shuleni, kampuni ya mke au mume wako. Taarifa hizi hutangazwa kwenye tovuti ya shule, kwa hiyo andika yote; kitu kilichofichwa huleta maneno kuliko kilichoandikwa. Kuna pia mafunzo ya ulinzi wa watoto, ambayo kila gavana hupata anapoanza.

Mtu wa kumjua mapema ni katibu wa bodi. Huyu si gavana na hawezi kuwa mwalimu mkuu. Anaijua sheria, na swali lolote la utaratibu unaweza kumpelekea bila aibu. Mwombe mihtasari ya vikao vitatu vilivyopita, mpango wa maendeleo wa shule na ripoti ya mwisho ya Ofsted, wakaguzi wa shule wa serikali. Visome kwa mpangilio huo, kwa kuwa mihtasari itakuonyesha ni mambo gani yanarudi kila kikao bila kwisha.

Kikao

Bodi hukutana angalau mara 3 kwa mwaka, ingawa nyingi huzidisha na kuwa na kamati ndogo. Ajenda na makabrasha hutumwa siku 7 kabla. Akidi ni nusu ya wajumbe waliopo, bila kuhesabu nafasi zilizo wazi. Usipohudhuria kwa miezi 6 bila ruhusa ya bodi, unapoteza nafasi yako, basi usiishie kutuma udhuru: hakikisha umekubaliwa na kuandikwa.

Makabrasha yanaweza kuzidi kurasa mia. Anza na taarifa ya mwalimu mkuu na jedwali la matokeo, uandike maswali mawili au matatu kabla ya kwenda. Jedwali litakuwa na vipimo hivi: Mwaka wa 1 watoto husoma maneno 40 kupima sauti za herufi, Mwaka wa 4 hujibu maswali 25 ya kuzidisha, sekunde 6 kwa kila moja, Mwaka wa 6, mwezi Mei, hufanya mitihani ya taifa ambapo alama 100 ndicho kiwango kinachotarajiwa.

Hapa ndipo magavana wapya hudanganyika na asilimia. Darasa la watoto 30, kila mtoto ni zaidi ya asilimia 3. Matokeo yakishuka kutoka 80 hadi 73, huenda ni watoto wawili tu, na pengine wawili hao walihamia mwezi Machi wakiwa hawajui Kiingereza. Kwa hiyo usiulize, "Mbona tumeshuka?" Uliza ni watoto wangapi, ni akina nani kwa makundi (bila majina), walianzia wapi, na shule imefanya nini kwao tangu hapo. Kikao kinachofuata uliza kama kimesaidia. Gavana asiyerudi kwenye swali lake la mwanzo alikuwa anapiga soga.

Kiingereza chako kikiwa cha kawaida, hakuna neno. Makabrasha ya shule yamejaa vifupisho hata wenyeji hawavielewi, na anayesema "Naomba mnifafanulie hiki" huwaokoa wengine watatu waliokuwa wanaitikia kwa kichwa bila kuelewa.

Fedha

Mwaka wa fedha ni 1 Aprili hadi 31 Machi. Fedha nyingi huja kwa hesabu ya vichwa, na vichwa huhesabiwa Oktoba kwa ajili ya bajeti ya Aprili inayofuata. Darasa likiwa na watoto 24 badala ya 30, mwalimu ni yule yule, taa ni zile zile, pengo linabaki. Swali la Oktoba basi ni hili: tumepungukiwa wangapi, na bajeti ya miaka mitatu inasemaje?

Kuna jambo ambalo mzazi wa jamii yetu anaweza kulifanyia kazi kuliko mtu yeyote mezani. Watoto wa miaka mitatu ya kwanza ya shule hula bure wote, hivyo wazazi wa kipato cha chini hawaoni sababu ya kujaza fomu ya chakula cha bure. Kumbe fomu hiyo hiyo ndiyo huipa shule fedha za Pupil Premium, nyongeza ya serikali kwa ajili ya watoto wa kipato cha chini, zinazozidi pauni 1,400 kwa mtoto kwa mwaka. Shule inaweza kupoteza maelfu kwa fomu zisizojazwa. Pendekeza maelezo yake yatolewe kwa Kiswahili, Kisomali, au lugha nyingine zilizopo, na bodi iulize kila mwaka fedha hizo zimenunua nini. Taarifa ya matumizi yake hutakiwa kuwa kwenye tovuti kufikia 31 Desemba.

Yanayoharibika

Kubwa ni kundi la WhatsApp. Wazazi wakijua wewe ni gavana, watakuletea kesi: mwalimu fulani anafoka, mtoto fulani anapiga wenzake. Ukiingia ndani ya kesi, hutaweza kukaa kwenye jopo litakaloisikiliza baadaye. Sikiliza, kisha mwelekeze mzazi kwenye utaratibu wa malalamiko ulioko kwenye tovuti. Mtoto akifukuzwa kabisa shuleni, magavana wasiopungua watatu hukaa ndani ya siku 15 za shule kuamua kama arudishwe. Anayekaa hapo hatakiwi kuwa tayari na upande.

Yaliyosemwa kwa siri kikaoni hayatoki. Bodi inaweza kumsimamisha gavana hadi miezi 6 kwa kuvujisha. Pia wewe ni mzazi uliyechaguliwa, lakini hukutumwa na wazazi. Unapiga kura kwa uamuzi wako baada ya kusikia hoja, hata kama kundi zima linataka kingine.

Kutembelea shule kunaruhusiwa na kunasaidia, mradi umekubaliana na mwalimu mkuu siku na jambo la kuangalia. Usikae nyuma ya darasa ukimpima mwalimu. Hiyo si kazi yako. Na darasa la mwanao liache kwa mwingine.

Mtoto akihitimu kabla ya muhula wako kwisha, unaweza kuendelea hadi mwisho. Ukitaka kuondoka mapema, mwandikie katibu wa bodi.