Chokaa ya Shimoni Inayanyima Mahindi Zinki

Wakulima wa Nyanda za Juu Kusini, tulipowaambia udongo wenu una tindikali mlisikia, na chokaa ya kilimo mkanunua. Lakini wengi mnaitia kiganja kizima kwenye kila shimo la kupandia, na hapo ndipo hasara inapoanzia.

Pigeni hesabu. Tani 1 kwa ekari, ikisambazwa shamba zima, ni kama gramu 250 kwa mita moja ya mraba. Kiganja cha gramu 100 ndani ya shimo la sentimita 20 kwa 20 ni sawa na tani 10 kwa ekari. Mara kumi! Chokaa hupandisha pH, kipimo cha tindikali ya udongo (pH ikipanda, tindikali hupungua). Na kila pH inapopanda kwa namba 1, zinki, kirutubisho cha mmea, iliyoyeyuka kwenye maji ya udongo hupungua takribani mara 100. Zinki imo shambani, ila mzizi hauipati.

Wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, majani machanga hutoa michirizi mipana myeupe pande zote mbili za mshipa wa kati, kuanzia kwenye kitako cha jani. Mkulima akiona hivyo anakimbilia UREA, mbolea ya naitrojeni. Acheni! Upungufu wa naitrojeni huanzia kwenye majani ya chini yaliyozeeka, njano ikitokea nchani kwa umbo la V. Kagua ni jani lipi kabla hujafungua mfuko.

Kwa mahindi yaliyokwisha kuathirika, yeyusha gramu 75 za salfeti ya zinki (ile yenye zinki asilimia 21) kwenye bomba la kunyunyizia la lita 15 za maji. Pima kwa mizani, si kwa kifuniko cha soda. Ikizidi, majani yataungua. Nyunyiza jioni, rudia baada ya siku 10 hadi 14. Usiichanganye na mbolea ya maji yenye fosforasi, zitagandana. Majani mapya yakitoka kijani, dawa imefanya kazi.

Msimu ujao pimeni udongo kwanza, TARI Uyole (kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, Mbeya) wanapima. Chota sehemu 15 au zaidi, kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo ya plastiki. Ndoo ya bati imepakwa zinki, itaharibu majibu. Chokaa utakayoelekezwa imwage shamba zima, ichanganye na udongo hadi sentimita 15 au 20, angalau mwezi mmoja kabla ya kupanda. Usirudie msimu unaofuata bila kupima tena.