Kumwandika Mwanamke Aliyesahauliwa katika Wikipedia: Mwongozo kwa Wanaojitolea wa Moshi na Arusha

Wengi wanaojitolea kuandika Wikipedia huanza na jina. Mtu anamkumbuka mwalimu mkuu aliyesomesha nusu ya tarafa, au mama aliyesimamia uuzaji wa kahawa wakati ambapo kadi za ushirika ziliandikwa majina ya wanaume. Jioni hiyohiyo anafungua ukurasa mpya, anaandika kwa moyo wote, na baada ya siku chache anakuta makala imewekewa alama ya kufutwa. Uchungu wake ni wa haki, lakini kasoro haikuwa katika kumchagua mwanamke yule. Ilikuwa katika mpangilio wa kazi. Vyanzo hutangulia, uandishi hufuata. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo na unawafikiria hasa wenzetu wa Moshi na Arusha, kwa kuwa huku vyanzo vipo vingi kuliko tunavyodhani, ila viko kabatini, haviko mtandaoni.

Wikipedia ilianzishwa mwaka 2001, na toleo la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Mwaka 2015 wahariri wa toleo la Kiingereza walianzisha mradi wa kuongeza makala za wanawake, wakauita Women in Red, yaani wanawake walio katika nyekundu, kwa sababu jina lisilo na makala huonekana kama kiungo chekundu na lenye makala huonekana buluu. Wakati huo wanawake walikuwa takriban asilimia 15 tu ya wasifu wote wa toleo hilo. Leo wamefika karibu asilimia 20. Sababu ya pengo hilo haiko kwa wahariri peke yao. Wikipedia hukusanya yale ambayo wengine wamekwisha kuyachapisha, na magazeti, vitabu na kumbukumbu za ofisi viliwaandika wanaume kwanza kwa vizazi vingi.

Mfano unaojulikana sana ni wa Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada. Mwezi Mei 2018 rasimu ya makala yake ilikataliwa kwa maelezo kwamba vyanzo vilivyotajwa havikuonyesha umashuhuri wake. Oktoba mwaka huohuo akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, akiwa mwanamke wa tatu kuipata baada ya Marie Curie na Maria Goeppert Mayer. Wengi husimulia kisa hiki kama ushahidi wa upendeleo, na upendeleo haukosekani. Kwa mwandishi anayejitolea, hata hivyo, kina somo la kiutendaji: sifa za mhusika, hata ziwe kubwa kiasi gani, hazimwokoi iwapo rasimu haikuleta maandishi ya watu wengine wanaomzungumzia.

Kanuni ya umashuhuri, yaani nani anastahili kuwa na makala, ni rahisi kuieleza. Tafuta walau vyanzo viwili au vitatu vilivyochapishwa, visivyotoka kwa mhusika, familia yake wala mwajiri wake, na vinavyomzungumzia kwa upana, si kwa kumtaja katika orodha ya waliohudhuria. Blogu, kurasa za mitandao ya kijamii na jumbe za makundi ya simu havihesabiwi. Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, nami naona ndilo linalowakwamisha zaidi watu wa huku: chanzo hakilazimiki kuwa mtandaoni. Gazeti la mwaka 1964 lililofungwa katika jalada la maktaba ni chanzo halali kabisa, mradi utaje jina la gazeti, tarehe, kichwa cha habari, jina la mwandishi kama lipo, na ukurasa. Hakuna mwenye haki ya kukufutia rejeo kwa sababu tu halibofyeki.

Basi nenda maktaba. Arusha na Moshi zote zina maktaba za mkoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, ambacho kilianza kama chuo cha ushirika mwaka 1963, ndipo mahali pa kwanza pa kuuliza habari za ushirika wa kaskazini. Omba magazeti ya zamani kama Uhuru, lililoanza mwaka 1961, na Komkya, lililochapishwa Moshi katika miaka ya 1950. Usiombe "habari za wanawake", kwa sababu hakuna aliyezipanga hivyo. Omba mwaka na mwezi, kisha pitia ukurasa kwa ukurasa, ukiangalia hasa maelezo yaliyo chini ya picha, kwani mara nyingi mwanamke aliyeendesha shughuli nzima ametajwa hapo tu. Piga picha ukurasa mzima, pamoja na tarehe ya juu, ili usirudi tena kuitafuta. Tasnifu za wanafunzi wa vyuo vikuu nazo zisidharauliwe, hasa za uzamivu, kwa kuwa ndani yake kuna utafiti wa vijijini ambao haukuchapishwa kwingine.

Kuna maandishi ya aina mbili yanayopatikana kwa wingi Kilimanjaro na Meru ambayo yanahitaji uangalifu. La kwanza ni kijitabu cha jubilei cha usharika, parokia, shule au hospitali. La pili ni wasifu wa marehemu unaosomwa msibani na kuchapishwa katika ratiba ya mazishi. Vyote vimeandikwa na watu wa karibu, kwa hiyo havithibitishi umashuhuri, na sifa zilizomo zisihamishiwe katika makala. Lakini ni hazina ya tarehe: mwaka wa kuzaliwa, shule alizosoma, vituo alivyofanyia kazi kwa mfuatano. Ukizipata tarehe hizo unajua ni gazeti la mwezi gani la kuomba maktabani.

Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, na kumbukumbu za mahakama ni vyanzo vya msingi. Zitumie kuthibitisha jambo moja lisilo na utata, kama vile kwamba mtu alikuwa mbunge mwaka fulani, wala usizijengee hoja yako mwenyewe. Waandishi wa Arusha wanaovutiwa na historia ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ambayo mwaka 1998 ilitoa hukumu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda, na kwa mara ya kwanza kutambua ubakaji kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari, wana eneo pana la kuandika juu ya wanawake waliokuwa majaji, mawakili na wachunguzi. Mashahidi waliolindwa kwa majina ya siri wasiguswe kabisa, hata kama mjini kuna anayedai kuwajua.

Tatizo la majina linastahili kupewa muda wake. Mwanamume mmoja huwa na jina moja katika nyaraka zote za maisha yake; mwanamke anaweza kuwa na manne. Shuleni alitumia jina la baba, baada ya ndoa akaandikwa kwa ukoo wa mume, mtaani ni Mama Fulani kwa jina la mtoto wa kwanza, na gazetini mhariri akakosea herufi. Bibi Titi Mohamed utamkuta pia kama Titi Mohammed. Getrude Mongella, aliyekuwa katibu mkuu wa mkutano wa wanawake wa Beijing mwaka 1995, ameandikwa Gertrude mahali pengi. Lucy Lameck wa Moshi yupo pia kama Lucy Lameck Somi. Kabla ya kutafuta chochote, andika kwenye karatasi majina yote yanayowezekana pamoja na tahajia zake, ukianza na jina la ubini. Ukichapisha makala, majina mengine yafanye kurasa za kuelekeza, ili anayetafuta kwa jina la ndoa afike palepale.

Wazee waulizwe, lakini kwa kujua wanakupa nini. Simulizi ya mdomo haikubaliki kuwa rejeo katika Wikipedia, kwa kuwa msomaji mwingine hawezi kuihakiki. Nionavyo mimi, kanuni hii inawaumiza zaidi wanawake wa vizazi vya kwanza vya uhuru, ambao habari zao nyingi zimo vichwani mwa wenzao, na ninaamini ni halali kuendelea kuijadili. Hata hivyo, ilivyo leo, mzee anakupa ufunguo. Umeamkia, umekaa, umekaribishwa, na sasa mko mbele ya picha ya ukutani.

"Bibi, hii mlipiga lini?"

"Mwanangu, mwaka siukumbuki. Ila nilikuwa nimejifungua huyu wa tatu, na Azimio lilikuwa limetangazwa majuzi tu. Waziri alikuja kufungua zahanati, ndiyo tukapigwa."

Hapo umepata mengi. Azimio la Arusha lilitangazwa mwanzoni mwa Februari 1967. Kwa hiyo omba magazeti ya Februari hadi Aprili mwaka huo, tafuta ziara ya waziri mkoani, na huenda ukamkuta bibi amesimama katikati ya picha na jina lake likiwa chini. Uhuru, Azimio, vita vya Kagera vya 1978 na 1979: tumia matukio hayo kuuliza, maana watu wengi huyakumbuka kuliko tarakimu. Iwapo habari aliyokupa haijachapishwa popote, mpelekee mwandishi wa habari au mtafiti wa chuo aiandike rasmi. Ikichapishwa huko, itaweza kurejewa katika Wikipedia.

Wakati mwingine utapata vyanzo vya kutosha kuhusu kazi ila si kuhusu mtu. Ushirika wa maziwa wa wanawake wa Nronga, wilayani Hai, ulianzishwa mwaka 1988 na umeandikwa na watafiti. Katika hali kama hiyo anza na makala ya taasisi, na humo utaje waanzilishi kwa majina kama chanzo kinavyowataja. Ni afadhali jina lililosimama imara katika aya moja kuliko wasifu mzima unaofutwa.

Sasa uandishi. Sentensi ya kwanza ndiyo inayosomwa na wengi, na ndiyo inayoamua kama mhakiki ataendelea kwa nia njema. Rasimu nyingi huanza hivi: "Alikuwa mama mchapakazi, mwenye upendo na mfano wa kuigwa, mke wa kiongozi maarufu." Sentensi hiyo haimwambii msomaji alifanya nini. Linganisha na hii: "Lucy Lameck (1934 – 1993) alikuwa muuguzi na mwanasiasa wa Tanzania, mzaliwa wa Moshi, aliyeingia bungeni mwaka 1960 na kuwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa ngazi ya uwaziri nchini." Haina neno la sifa hata moja, lakini uzito wake unaonekana. Mume na watoto watajwe katika sehemu ya maisha binafsi, kama ambavyo ungefanya kwa mwanamume. Kipimo kizuri ni kujiuliza, kwa kila sentensi, kama ungeiandika hivyo kuhusu waziri mwanamume. Kama usingeiandika, ifute.

Kila dai liwe na tanbihi yake, hasa madai ya "wa kwanza". Neno hilo hupendwa sana na huvunjika upesi: mwanamke wa kwanza wapi, katika kazi ipi, kwa mujibu wa nani? Kama chanzo kinasema wa kwanza mkoani, usimpandishe awe wa kwanza nchini. Usinakili aya za gazeti, hata nzuri. Soma, funga jalada, andika kwa maneno yako. Ukitafsiri makala iliyopo kwa Kiingereza, taja katika muhtasari wa hariri (kisanduku kidogo cha kueleza ulichobadilisha) kwamba umetafsiri kutoka huko, na uisome tena kwa sauti, kwa sababu tafsiri ya mashine huacha Kiswahili ambacho hakuna mtu wa mitaa ya Kaloleni wala Majengo angekitamka.

Mambo machache ya kupita kwa haraka. Fungua akaunti na ufanye marekebisho madogo katika makala za wengine kwa siku kadhaa kabla ya kuanzisha yako. Rasimu iandikwe kwenye ukurasa wako wa mtumiaji, au kwenye simu bila intaneti kama bando ni dogo. Usimwandike mama yako, bosi wako wala mtu aliyekulipa. Badala yake, andika pendekezo kwenye ukurasa wa majadiliano ili mwingine alifanyie kazi. Kwa aliye hai, usiweke anwani, afya wala majina ya watoto. Picha ya familia haipakiwi kwa sababu tu familia imekuazima: haki kwa kawaida ni ya mpigapicha, naye ndiye anayetakiwa kuitoa kwa leseni huru.

Makala ikishachapishwa, iwekee jamii zake, yaani makundi ya makala zinazofanana, mathalani waliozaliwa mwaka fulani, wanasiasa wa Tanzania na wanawake wa Tanzania, kisha nenda kwenye makala za shule aliyosoma, wilaya yake na chama chake, uweke humo viungo vinavyoelekea kwake. Makala isiyounganishwa na nyingine haifikiwi na wasomaji. Iongeze katika orodha yako ya maangalizi ili uone mabadiliko yanapofanyika.

Alama ya kufutwa ikiwekwa, usiitoe mwenyewe na usijibu kwa hasira. Fungua ukurasa wa majadiliano, orodhesha vyanzo vyako pamoja na tarehe na kurasa, na ueleze kila kimoja kinamzungumzia mhusika kwa kiasi gani. Kama makala imekwisha kufutwa, mwombe mmoja wa wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia, airudishe katika ukurasa wako wa mtumiaji, kisha rudi maktabani na orodha yako ya majina na miaka ambayo hujaipitia.