Kupanda Longonot na kuuzunguka ukingo kwa siku moja

Mlima Longonot, volkano yenye kreta (shimo kubwa) juu yake, huwashinda zaidi wanaochelewa kufika langoni mwa hifadhi. Kutoka Nairobi, ondoka saa kumi na moja alfajiri. Panda matatu ya Naivasha inayopita barabara ya chini, ya Mai Mahiu, ushuke kituo cha Longonot, kisha bodaboda ikufikishe langoni. Matatu ya barabara ya juu haipiti hapo. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, si taslimu, kwa hiyo lipa jioni iliyotangulia na ubebe kitambulisho.

Maji ni lita tatu kwa kila mtu. Mlimani hakuna bomba wala duka, na kivuli ni haba. Anayebeba kachupa ka nusu lita humaliza maji hata kabla ya kuuona ukingo wa kreta.

Kutoka langoni hadi ukingoni ni kilomita 3.1, mwendo wa saa moja au saa moja na nusu. Unakanyaga majivu ya volkano: kiangazi yanageuka vumbi linaloserereka chini ya mguu, masika maji yanachimba makorongo katikati ya njia. Vaa viatu vyenye meno. Raba iliyolika soli itakuangusha wakati wa kushuka. Leso ya kufunika pua inasaidia sana, hasa ukitembea nyuma ya kundi.

Ukifika ukingoni, tazama saa kwanza. Mzunguko ni kilomita 7.2, na wengi hutumia saa mbili hadi tatu. Ikiwa saa saba mchana imepita, tosheka na kuitazama kreta na urudi, kwa sababu hifadhi hufungwa saa kumi na mbili jioni.

Ukiwa na muda, pinda kulia. Kilele, mita 2,776, kiko upande wa magharibi, na ni heri ukipande miguu ikingali na nguvu, maana hapo mwinuko ni mkali na njia nyembamba. Usisogee pembeni kabisa kupiga picha. Udongo ule humeguka. Wala usijaribu kushukia msitu ulio ndani ya kreta: kuta zimesimama wima, na nyati wapo hifadhini.

Kabla ya kushuka, kaza kamba za viatu kwenye kifundo ili mguu usisogee mbele. Piga hatua fupi, magoti yamekunjwa kidogo. Wasiokaza kamba hufika langoni kucha za vidole gumba zimevilia damu.