Miwani nyeusi sio kinga: jinsi ya kulinda macho na jua la Mombasa

Mimi kazi yangu ni kukata lenzi na kufunga miwani hapa mjini, na swali naloulizwa kila siku ni "hii ndio nyeusi zaidi uko nayo?" Sasa ndugu zangu, weusi wa kioo unapunguza mwangaza tu. Mionzi ya UV, ile mikali ya jua, ndio inayoharibu na haionekani kwa macho, kwa hivo kioo kinaweza kuwa cheusi tititi na kikaipitisha yote, na kingine cheupe kabisa kikaizuia. Tena hicho cheusi cha bure ni hatari zaidi, manake mboni ikiona giza inafunguka na wewe hukunji uso tena, mionzi inaingia kwa raha zake.

Hebu twende pole pole.

Hatua ya 1: fahamu jua linakuchoma saa ngapi na kutoka wapi

Mombasa iko kama digrii 4 kusini mwa ikweta, jua linakaa utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzo wa Machi na mwanzo wa Oktoba, na kipimo cha UV kufika 11 (hapo inahesabiwa kali kupita kiasi) na kupita saa sita mchana kwetu ni kawaida. Kaskazi kila mtu anaiogopa, lakini kusi ikiingia na mawingu yake miwani inarudi kwa droo, na wingu jepesi linaweza kupitisha mpaka asilimia 80 ya hiyo UV.

Halafu kuna hili watu hawalifikirii: jua likiwa utosini mfupa wa nyusi unakukinga kiasi, lakini saa tatu asubuhi na saa tisa mchana linakuingia usoni moja kwa moja. Kwa hivo ule ushauri wa kukaa ndani saa sita ni mzuri kwa ngozi, kwa macho hautoshi. Na chini nako, mchanga mkavu unarudisha kama asilimia 15 na povu la bahari kama 25, ndio maana wavuvi na vijana wa bichi pale Nyali na Bamburi wanaota kile kinyama kwenye weupe wa jicho mapema kuliko watu wa ofisini (upepo na vumbi pia vinachangia).

Hatua ya 2: kofia

Kofia yetu ya kushona inapendeza sana na kanzu lakini haina ukingo, haikusaidii kitu hapa. Tafuta chepeo ya ukili yenye ukingo wa sentimita 7 hivi kuzunguka kichwa chote, inakata karibu nusu ya UV inayofika machoni. Kepu inaacha pembeni wazi. Na dada zangu wa nikabu, ngozi imefunikwa sawa, jicho bado liko nje.

Hatua ya 3: kuchagua miwani

Tafuta UV400, maana yake inazuia mionzi mpaka nanometa 400, hapo ndipo UV inapoishia. Ndani ya mkono wa fremu saa zingine kuna namba ya weusi, 0 mpaka 4. Ya kutembelea mji na bichi chukua 3. Namba 4 ni nyeusi mno, usiendeshe nayo gari. Polaraizi inakata ule mng'ao wa maji na lami, nzuri sana kwa mtu wa boti au dereva, lakini polaraizi sio UV, lazima iandikwe zote mbili.

Kisha umbo, na hapa mimi ni mkali kidogo: vimiwani vidogo vya duara vya fasheni viacheni kwa picha. Miwani iwe pana, ikae karibu na uso, mikono iwe minene au ijikunje pembeni, sababu jua linapita juu ya fremu na kando pia.

Hatua ya 4: pima kabla hujatoa pesa

Stika ya UV400 mtu yeyote anaweza kuprinti, hata ya kubandikwa kwenye miwani ya mia mbili pale Marikiti. Lakini sio lazima iwe feki, kuna za bei rahisi zinazopita na za bei ghali zinazofeli, kwa hivo usihukumu kwa bei. Fanya hivi: tafuta ile tochi ya kukagulia noti feki, maduka mengi wanayo. Mulika noti uone alama zinazong'aa. Sasa weka lenzi katikati ya tochi na noti, na uangalie noti kwa jicho lako, sio kupitia lenzi. Alama zikizima, lenzi inazuia. Zikiendelea kung'aa, mrudishie mwenyewe umwambie ahsante. Ile rangi ya zambarau unayoiona usiitilie maanani, hiyo ni mwanga wa kawaida, wewe angalia zile alama. Na tochi usiielekeze machoni mwa mtu.

Polaraizi ni rahisi zaidi, tazama skrini ya simu kupitia miwani huku ukiizungusha, kwa skrini nyingi itafika mahali inaingia giza. Mwisho inyooshe mbele yako utazame fremu ya mlango, sogeza juu chini, mstari ukipinda hiyo lenzi itakuumiza kichwa.

Hatua ya 5: gari, boda na watoto

Kioo cha mbele cha gari kinazuia UV nyingi, ndio maana zile lenzi za kubadilika rangi hazigeuki nyeusi ukiwa ndani, sio kwamba fundi amekuibia. Vioo vya pembeni vinapitisha zaidi. Wa boda, shusha kioo cha helmeti. Watoto lenzi ya jicho lao inapitisha UV kuliko ya mtu mzima, kwa hivo chepeo kwanza, na ile miwani ya plastiki ya sikukuu ni mchezo tu.

Hatua ya 6: usilitazame jua lenyewe

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa, hapa kwetu kwa sehemu tu. Miwani ya jua haifai hata ukivaa mbili, wala filamu ya eksirei. Inatakiwa ile maalum yenye alama ISO 12312-2. Nyuma ya jicho hakuna maumivu, inaungua na huskii kitu.

Hatua ya 7: kama tayari kuna kitu

Kinyama kikianza usikitie asali wala maziwa ya mama, na usinunue dawa ya matone kwa kubahatisha, zile zenye steroidi ukizitumia kiholela zinapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Nenda Makadara (hospitali kuu ya Pwani, Coast General) au Kwale Eye Centre wakiangalie. Usikichukulie poa, manake Afrika Mashariki saratani ya juu ya jicho inaonekana sana na mwanzoni inafanana na kinyama cha kawaida. Kikikua haraka, kikitoa damu, kikiwa na weupe mgumu juu yake, au kikianza kuingia kwenye cheusi cha jicho, usingoje mwisho wa mwezi.